Bwawa la Darwin na Maji ya Kijani

Zipo kazi mbili juu ya Ziwa Victoria zilizobeba jina la Darwin, na zote mbili nimezitumia mara nyingi katika mazungumzo na walimu vijana wanaonitembelea hapa Nyakahanga. Ya kwanza ni filamu ya Hubert Sauper, Mwaustria, iliyotoka mwaka 2004 kwa jina la Darwin's Nightmare, yaani jinamizi la Darwin. Ya pili ni kitabu cha Tijs Goldschmidt, mwanabiolojia wa Uholanzi, kilichochapwa kwa Kiholanzi mwaka 1994 na kwa Kiingereza mwaka 1996 kwa jina la Darwin's Dreampond, yaani bwawa la ndoto la Darwin. Filamu inajulikana hata na wale ambao hawajaiona. Kitabu hakijulikani na karibu mtu yeyote. Nia yangu katika kurasa hizi ni kueleza kwa nini naona ingefaa iwe kinyume chake. Kipimo nitakachotumia si cha kifasihi tu. Nitazipima kazi hizi kwa swali ambalo fundi yeyote wa mabwawa ya kuogelea anaweza kulijibu: maji yakigeuka kijani, yamegeuzwa na nini, na yanasafishwaje?

Nianze na filamu, ipewe haki yake. Nilipokuwa nafundisha uhakiki chuoni, tulikuwa na desturi ya kutenganisha fani na maudhui, utaratibu ambao wanachuo waliupenda kwa sababu unajibu mtihani vizuri. Kwa filamu hii utaratibu huo unafaa kweli, maana fani yake ni ya hali ya juu kuliko maudhui yake. Sauper anaingia mahali ambapo mgeni hafiki. Anatuonyesha ndege kubwa za Ilyushin zikitua Mwanza, marubani kutoka Urusi na Ukraina wakinywa pombe mbali na wake zao, kiwanda cha minofu chenye usafi wa hospitali, watoto wa mitaani wakigombania wali, mlinzi wa usiku na mishale yake yenye sumu. Anatuonyesha pia vichwa na mifupa ya sangara, yale tunayoyaita mapanki, yakianikwa na kukaangwa. Swali lake analirudia kwa upole wa wakili mzoefu: ndege hizi zinaondoka na samaki, je, zinakuja na nini? Filamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Mwaka huohuo Rais Kikwete aliilaani hadharani, na nchi nzima ikaanza kubishana juu ya kitu ambacho wengi hawakuwa wamekitazama.

Nakumbuka mabishano yale. Yalihusu mambo mawili tu: kama kweli ndege zilileta silaha, na kama kweli watu wanakula mapanki. Upande mmoja ulitetea heshima ya taifa, upande mwingine ukatetea uhuru wa msanii. Katika kelele zote zile sikusikia mtu akiuliza habari za maji. Wala sishangai, kwa kuwa filamu yenyewe haituelekezi huko. Inayoyasema juu ya maji ni machache na ya kupita, kisha kamera inarudi kwa marubani.

Ukiitazama kwa muundo wake, filamu hii ni ngano ya zimwi. Sisi sote tumekua tukizisikia. Zimwi linatoka mbali, linaingia kijijini, linameza mbuzi, watoto na wazee, na wanakijiji hawana kosa lolote ila kuwapo. Sangara ndiye zimwi. Aliletwa na wageni, amemeza samaki wetu, sasa wageni walewale wanakuja na ndege kummeza yeye, nasi tunabaki na mifupa. Ngano nzuri, na sehemu kubwa ya ngano hiyo ina ukweli. Lakini mwalimu akimaliza kuwaonyesha wanafunzi, hawana la kufanya isipokuwa kuwakasirikia Wazungu na kwenda kula.

Sasa kitabu. Goldschmidt alifanya utafiti katika Ghuba ya Mwanza miaka ya 1980, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leiden na wasaidizi wa Kitanzania. Kazi yao ilikuwa ni kuwajua furu, hao samaki wadogo wenye mifupa mingi ambao mama zetu walikuwa wakiwachuma kwenye fungu kama dagaa wakubwa. Kumbe katika fungu lile mlikuwa na ulimwengu. Aina zake zilizidi 300, na wengine hukadiria 500. Walikuwapo wakwanguao mwani kwenye mawe, wavunjao konokono, wanyang'anyao mayai ya wenzao, na majike walioatamia watoto mdomoni. Wengi miongoni mwao walikuwa hawajapewa jina. Mmoja, dume lake ni jekundu mgongoni, alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Nduguye wa rangi ya samawati aitwa pundamilia kwa ile michirizi yake. Walipokuwa bado wanahesabu na kuwapa majina, sangara wakaongezeka ghafla, na mtafiti akawa anaandika sensa ya kijiji kinachozama. Aina zipatazo 200 zilitoweka au zikakosa kuonekana tena.

Huo msiba Goldschmidt anausimulia kwa utani, na utani wake ndio unaoumiza. Hapandishi sauti. Anaeleza jinsi injini ya mtumbwi inavyokataa kuwaka, jinsi spiriti ya kuhifadhia samaki inavyokwisha, kisha katika aya hiyohiyo anataja kwamba furu fulani hakuonekana tena. Tena haridhiki na mshitakiwa mmoja. Anawataja sangara, ndiyo, lakini anazitaja pia nyavu za kukokota zilizowazoa furu miaka ya 1970 ili wasagwe kuwa chakula cha mifugo. Ni mtu wa kuuliza jambo lilianzia wapi.

Zaidi ya hayo, jina lake linaliita ziwa bwawa. Kwa Kiholanzi ni bwawa la uani kwa mfalme, lile la kufugia samaki wa mapambo. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza niliona ni mbwembwe za wachapishaji. Ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800, bwawa? Lakini nimekuja kuliona kuwa ndilo neno la maana kuliko yote katika kitabu, nami naomba msomaji anivumilie nieleze kwa mfano wa bwawa halisi, lenye vigae na ngazi.

Mwanangu mmoja anafanya kazi Pretoria. Mwaka niliokwenda kumtembelea nilifika mwanzoni mwa Septemba, kipupwe cha huko kinapokwisha, nikakuta nyumba aliyopanga ina bwawa la kuogelea la maji ya chumvi. Miezi yote ya baridi pampu ilikuwa imezimwa ili kuokoa umeme. Maji yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa kisamvu, na vyura walikuwa wamekwisha kuhamia. Akaitwa fundi, kijana Mkongo wa Bukavu, ambaye aliposikia naongea Kiswahili alifurahi akakataa kabisa kuongea lugha nyingine kwa siku zote tano za kazi yake.

Watu hudhani chumvi ndiyo inayosafisha. Sivyo. Bwawa la namna ile lina chumvi gramu 3 au 4 tu kwa kila lita, wakati bahari ina kama 35. Kazi ya chumvi ni kuwa malighafi: kipo chombo kwenye bomba kinachoipitishia umeme na kuifanya itoe klorini, na klorini ndiyo dawa. Maji yakiwa baridi, chini ya nyuzi 15 hivi, chombo kinazalisha kidogo mno au kinajizima chenyewe. Kwa hiyo mwisho wa kipupwe bwawa lina chumvi tele na dawa hakuna, na jua la kwanza la kiangazi likipiga, mwani unafanya karamu.

Fundi hakuanza na dawa. Alianza na wavu, akatoa majani yaliyooza, siku nzima. Akasugua kuta kwa brashi. Akapima ukali wa maji, akatia asidi kiasi, kwa maana klorini hulegea maji yakiwa na magadi mengi. Jua lilipotua ndipo akamimina klorini ya maji, kwa kuwa mchana jua lingeila, na pampu ikaachwa ikivuma usiku kucha. Asubuhi ya pili kijani kilikuwa kimekwisha. Maji yalikuwa meupe-meupe, kama yale ya kuoshea mchele. Mwanangu akashangilia, akataka amlipe. Yule kijana akatikisa kichwa. "Papa," akaniambia mimi, wala si mwanangu, "hii imekufa, haijatoka."

Akaeleza kwamba mwani uliokufa unashuka chini, unaoza, na uozo wake ni chakula cha mwani mpya. Siku tatu nzima akawa anaosha chujio kwa kugeuza mkondo wa maji, na kuifyonza takataka ya chini kuitupa nje kabisa, isipite tena kwenye chujio. Siku ya tano tuliona sarafu ya randi sakafuni. Hapo ndipo alipokiwasha chombo cha chumvi. Kisha akatupeleka kwenye bustani ya majani, juu kidogo ya bwawa, iliyokuwa inatiwa mbolea ya dukani kila mwezi na kumwagiliwa jioni. Maji yake yalikuwa yanateremka moja kwa moja bwawani. Akasema tusipochimba mfereji wa kuyakinga atarudi kila mwezi, naye hakatai hela.

Wala si majumba ya kupanga tu. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, Agosti 2016, bwawa la wapiga mbizi liligeuka kijani mbele ya kamera za dunia nzima. Mtu alikuwa amemimina hidrojeni peroksidi, ambayo ni dawa ya kusafishia, ikaenda kuivunja nguvu klorini iliyokuwamo, na mwani ukapata nafasi. Bwawa la jirani wakaona njia ya haraka ni kumwaga maji yote, karibu lita milioni 4, na kujaza mengine.

Ziwa halina kizibo cha kuling'olea. Zaidi ya robo tatu ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya yanayotoka hutoka kwa mvuke. Kinachobaki huteremka Jinja kuwa Nile. Maji yanapaa, rutuba haipai. Ni bwawa lililoachwa juani huku bustani ya juu ikiendelea kutiwa mbolea. Zamani watafiti walipozamisha sahani nyeupe majini waliiona hadi mita kadhaa. Leo katika maghuba mengi sahani hiyo inapotea kabla haijafika mita mbili.

Je, kijani hiki kilianza lini? Hapa ndipo filamu ya Sauper inaponyong'onyea. Mwaka 2002 Dirk Verschuren na wenzake walichapisha matokeo ya tope walilochimbua sakafuni mwa ziwa, tope linalosomeka kama daftari la mahudhurio, mwaka juu ya mwaka. Waliona kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na mashamba katika nchi zinazolizunguka ziwa. Maji ya kina kirefu yakaanza kukosa oksijeni miaka ya 1960. Sangara alipandwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, upande wa Uganda na Kenya, naye akaja kufurika miaka ya 1980. Kwa maneno mengine, zimwi lilipofika kijijini, kijiji kilikuwa kimekwisha kuugua. Simsafishi sangara; kuwameza furu aliwameza. Lakini msimulizi anayeanza hadithi kwa kuingia kwake ameruka sura ya kwanza, na sura ya kwanza ndiyo inayotuhusu sisi.

Goldschmidt hakuwa na matokeo hayo alipoandika, lakini njia yake ya kuuliza ndiyo iliyowaongoza waliomfuata. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha jambo ambalo mimi, kwa umri wangu, sijasoma jingine la kusikitisha kuliko hilo katika sayansi. Furu jike huchagua mume kwa rangi. Kwenye maji maangavu, jike wa ukoo wa Nyerere humwendea dume jekundu, na jike wa pundamilia humwendea wa samawati. Kwenye maji ya kijani rangi hazionekani. Majike hukosea, koo huchanganyika, na baada ya vizazi kadhaa hakuna tena jekundu wala samawati, wamebaki samaki wa kijivu wa aina moja. Hakuna aliyemezwa. Wamepotea kwa kutoonana. Ni kifo ambacho kamera ya Sauper isingeweza kukipiga picha, na ambacho msomaji wa Goldschmidt anakielewa mara moja, kwa sababu kurasa zote zilizotangulia zimemfundisha kuziona rangi zile.

Msomaji wa milimani ataniuliza, hayo ya Mwanza yanatuhusu nini huku Karagwe? Yanatuhusu sana. Mto mkubwa kuliko yote unaoingia ziwani ni Kagera. Unatoka Burundi na Rwanda, unapita Rusumo, unaambaa magharibi mwa wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa, unakunja kuelekea Kyaka, kisha unaingia ziwani upande wa Uganda. Udongo unaoporomoka kwenye makonde yetu, mafua ya Machi yanapozoa samadi chini ya migomba, huko ndiko uendako. Mwaka 1994 mto huu ulibeba mambo ambayo wazee wa kando yake hawapendi kuyasimulia hadi leo. Na miaka michache kabla yake ulibeba magugu maji, ile mimea ya Amerika ya Kusini yenye maua ya zambarau, hadi maghuba mazima ya ziwa yakafungika na mitumbwi ikashindwa kutoka.

Magugu yale yalipigwa vita kwa mashine za kuyakatakata, kisha kwa wadudu. Uganda ilianza kuwaachia ziwani mwaka 1995, Kenya na Tanzania zikafuata, na mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu kubwa ya magugu ilizama. Magazeti yalitangaza ushindi. Nilipokaa baadaye kando ya lile bwawa la Pretoria nikaukumbuka ushindi ule. Imekufa, haijatoka. Tani na tani za magugu ziliozea chini ya maji, zikarudisha ziwani rutuba ileile iliyoyastawisha, na mto ukaendelea kuleta nyingine. Magugu yamekuwa yakirudi, ghuba hii au ile, tangu wakati huo.

Tena si mto peke yake. Watafiti wanasema sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa huja kwa hewa, kwa moshi na vumbi, na kushuka na mvua. Hapa kwetu, tangu Juni hadi Agosti, vilima hupigwa moto ili nyasi changa ziote kwa ajili ya ng'ombe. Jioni jua linazama jekundu kama kaa, wageni wanalipiga picha. Jivu lile halikai hapa.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kazi hizi mbili ni hii. Filamu ya Sauper ni sanaa kubwa inayomwacha mtazamaji wa Karagwe na mikono misafi, wakati mikono yake ina udongo. Kitabu cha Goldschmidt kina kasoro zake. Kinachelewa mno katika mabishano ya wataalamu juu ya jinsi aina mpya inavyozaliwa, utani wake kwa watumishi wa serikali wakati mwingine ni mwepesi, nacho kinakaa Ghuba ya Mwanza bila kupanda milimani kutazama bustani ya juu. Lakini ni kitabu kinachomfundisha msomaji kazi ya fundi: kutoa majani kwanza, kupima, kungoja, kutolipa mapema. Naona ajabu kwamba walimu wetu wa biolojia na hata wa fasihi hawakijui.

Walimu wanaokuja kwangu huwaazima vyote viwili. Mmoja, anayefundisha sayansi katika shule ya kata, alitengeneza sahani ya kupimia kwa kifuniko cha ndoo alichokipaka rangi nyeupe, akakifunga kamba yenye mafundo kila shubiri, akawateremsha wanafunzi wake mtoni. Kifuniko kilipotea kabla ya fundo la kwanza. Filamu aliirudisha baada ya siku mbili. Kitabu bado anacho.